Wanyama Wadogo wa Nyumbani katika Kuhamia Ng'ambo

Suala la kama mnyama mdogo aliyelelewa nyumbani, awe paka, sungura, simbilisi, hamsta, kobe au ndege wa tunduni, achukuliwe au aachwe pale mwenye kumfuga anapohamia nchi ya ng'ambo, ni suala ambalo aghalabu huamuliwa kwa mapenzi ya mwenye mnyama na uwezo wa mfuko wake, ilhali yako mambo mawili yenye haki ya kutangulia: sheria ya nchi iendewayo, ambayo haiyatazami mapenzi hayo, na umri wa mnyama mwenyewe, ambao ndio mali pekee aliyo nayo. Miezi mitatu ya kungoja ni kitu kidogo kwa paka anayeweza kuishi miaka 15 na zaidi. Kwa hamsta, ambaye umri wake kwa kawaida ni miaka miwili au mitatu, ni fungu kubwa la maisha yake yote. Makala haya yanaeleza masharti yalivyo na asili yake, kisha hali za wanyama wanaofugwa zaidi, na mwisho namna ya kumwacha mnyama kwa amana.

Chanzo cha masharti mengi ni khofu ya kichaa cha mbwa, maradhi ambayo mgonjwa akishaonyesha dalili zake hana tiba ya kutumainiwa, na ambayo paka huweza kuyapata na kuyaambukiza kama mbwa. Uingereza, ambayo ilikwisha kujitakasa na maradhi hayo mwanzoni mwa karne ya 20, ikayapata tena baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwa mbwa walioingizwa na askari warejeao, kisha ikayafuta mara ya pili mwaka 1922, ilishika kwa miongo mingi sharti la karantini ya miezi sita kwa mbwa na paka watokao nje. Hata mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyekuwa akirejea kwao kutoka Mombasa au Dar es Salaam na paka wake alilazimika kumtoa akafungiwe nusu mwaka katika kizimba. Sharti hilo lilianza kulegezwa tarehe 28 Februari 2000, pale chanjo, kipimo cha damu na kitambulisho cha chini ya ngozi vilipokubaliwa kushika mahali pa kifungo kwa wanyama wa baadhi ya nchi, na mwaka 2004 Umoja wa Ulaya nao ukaanza kutumia pasipoti ya mnyama. Badiliko hili ni la ihsani kubwa kuliko wengi wanavyolitambua, kwa kuwa subira iliyokuwa ikifanywa na mnyama ndani ya kizimba cha ugenini sasa hufanywa nyumbani kwake, miongoni mwa watu anaowajua.

Lakini subira yenyewe haikuondoka. Kenya na Tanzania hazimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya umeziondolea sharti la kipimo cha damu, kwa hiyo paka atokaye Mombasa kwenda Hamburg hana budi kupita ngazi zenye mfuatano usiopinduka. Kwanza hupachikwa chini ya ngozi chipu ya elektroniki, ndogo kama punje ya mchele, yenye nambari ya tarakimu 15. Kisha, siku hiyo hiyo au baadaye, huchanjwa, naye awe amekwisha kutimiza wiki 12 za umri. Baada ya siku zisizopungua 30 hutolewa damu, ikapelekwa katika maabara iliyokubaliwa na Umoja huo, ili ithibitike kwamba kingamwili zake zimefika angalau nusu ya uniti ya kimataifa kwa kila mililita. Na tangu siku ya kutolewa damu hiyo lazima ipite miezi mitatu kamili. Ndipo, katika siku 10 za mwisho kabla ya kuingia Ulaya, daktari wa mifugo wa serikali huthibitisha cheti cha afya kwa muhuri wake. Jamaa waliokusudia kuondoka Agosti, basi, wakimpeleka paka kwa tabibu mwanzoni mwa Machi, damu itatolewa Aprili na njia itakuwa wazi Julai. Wakikumbuka jambo hili Juni, wakati mizigo imekwisha kufungwa na tiketi kulipiwa, paka hawezi kuingia kabla ya Oktoba, na wao watakuwa wamekwisha kuondoka.

Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, hata iwe imedungwa na tabibu hodari kiasi gani, kwa kuwa hakuna ithibati kwamba aliyechanjwa ndiye huyu anayesafiri. Kosa hili dogo la mpangilio humrudisha mwenye paka mwanzo wa njia, na inapasa lisemwe waziwazi kwa kila anayeanza kufikiri safari. Kadhalika mwenye paka na paka wake, iwapo hawapandi ndege moja, wasiachane kwa zaidi ya siku tano, la sivyo mnyama huhesabiwa kuwa bidhaa, na bidhaa ina sheria zake nyingine.

Kuhusu safari yenyewe, kanuni za jumuiya ya kimataifa ya mashirika ya ndege, IATA, zinataka kizimba kiwe cha ukubwa wa kumwezesha mnyama kusimama wima, kugeuka na kulala kwa utulivu, kiwe na matundu ya hewa na chombo cha maji kinachojazwa kutoka nje. Uingereza haimpokei paka akiwa ndani ya chumba cha abiria. Huingia kama shehena, katika sehemu ya chini ya ndege yenye hewa na joto la kudhibitiwa. Watu wengi, kwa huruma isiyo na elimu, huomba dawa ya usingizi ili mnyama asihisi safari, nao matabibu aghalabu huikataa, kwa kuwa dawa hiyo hushusha msukumo wa damu na kumnyima mnyama uwezo wa kujisawazisha ndani ya kizimba kinachoyumba. Na paka wa pua fupi, kama wale wa Kiajemi, ambao hata nyumbani huvuta pumzi kwa taabu, ndio walio katika hatari zaidi. Dawa iliyo bora ni mazoea. Kizimba kiwekwe sebuleni wiki kadhaa kabla ya safari, mlango ukiwa wazi, ndani yake itandikwe kanga kuukuu ya mwenye nyumba isiyofuliwa, na chakula cha jioni kiwekwe humo, kwanza karibu na mlango, kisha kila siku nyuma kidogo. Paka atakapoanza kulala humo kwa hiari yake mchana, mlango ufungwe dakika chache tu, kisha ufunguliwe kabla hajalalamika.

Sungura na wanyama wa jamii ya panya wako katika hali nyingine kabisa, nao ndio wanaosahauliwa na washauri wa safari. Tumbo la sungura, na la simbilisi pia, limeumbwa kufanya kazi bila kusita. Mnyama akiacha kula kwa nusu siku au siku moja kwa ajili ya khofu, matumbo huweza kusimama, naye akafa hali hana jeraha lolote. Wote wawili huumizwa upesi na joto, na simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, kwa hiyo lazima aipate katika majani mabichi, ambayo hayaingizwi ovyo katika viwanja vya ndege vya ugenini. Uingereza huwaweka sungura na panya wafugwao watokao nchi kama zetu katika karantini ya miezi minne. Kwa sungura kijana, mwenye kutazamiwa kuishi miaka minane au zaidi, mtu anaweza kupima na kuona kwamba inastahili. Kwa hamsta, miezi hiyo hulingana na sehemu ya tisa hadi ya sita ya umri wake, ikitumika katika chumba asichokijua, na huko si kumchukua mnyama, ni kumtumikisha kwa maslahi ya moyo wa mtu.

Marekani imewafungia mlango moja kwa moja wanyama wa jamii ya panya watokao Afrika. Mwaka 2003 shehena ya wanyama wadogo wa mwituni kutoka Ghana, wakiwamo wa jamaa ya panya buku, mnyama yule yule anayefunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, iliingia Texas ikiwa na virusi vya mpox, maradhi yaliyokuwa yakiitwa ndui ya nyani. Wanyama hao wakawekwa karibu na wanyama wengine wadogo wa huko Marekani waliokuwa wakiuzwa kwa wafugaji wa nyumbani, nao wakaambukizwa. Watu 47 katika majimbo kadhaa wakahesabiwa kuwa wamepatwa au yamkini wamepatwa. Mwaka huo huo serikali ikapiga marufuku panya wote watokao Afrika, kwa njia ya moja kwa moja au ya kuzunguka, na marufuku hiyo haimtofautishi buku wa porini na simbilisi mpole aliyezaliwa katika banda la Arusha, ijapokuwa asili ya simbilisi ni Amerika ya Kusini.

Australia nayo ina khofu ya namna mbili, ya maradhi na ya viumbe wenyewe. Mwaka 1859 Thomas Austin aliwaachilia sungura wachache katika shamba lake la Barwon Park, Victoria, kwa ajili ya mawindo, na kizazi chao kikala malisho ya bara zima. Ndiyo maana hamsta hawaruhusiwi kuingia kabisa, sungura hawatoki popote isipokuwa New Zealand, na katika jimbo la Queensland sungura hafugwi nyumbani hata kama amezaliwa nchini humo. Paka wa Afrika Mashariki haendi huko moja kwa moja; hana budi kupitia nchi iliyokubaliwa na kukamilisha masharti akiwa huko, kisha akaingia karantini ya Mickleham, karibu na Melbourne. Msomaji wa pwani asiharakie kuyaona haya kuwa ukali usio na sababu, kwa maana kunguru wa Bara Hindi, walioletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wasafishe taka za mji, ndio hawa wanaokula mayai na makinda ya ndege wetu wa asili hadi leo, Unguja na bara.

Kwa ndege na wanyama watambaao, swali la kwanza ni la umiliki wenyewe. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, ulimpandisha kasuku wa kijivu katika daraja ya ulinzi mkuu kwa uamuzi wa mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016, nao ukaanza kutumika Januari 2017. Mtu wa Kisangani au Kampala mwenye kasuku wa namna hii, pengine aliyerithiwa kutoka kwa mzazi, kwa kuwa ndege huyu huweza kuishi miaka 40 hadi 60, hatamtoa nje bila idhini ya nchi anayotoka na ya nchi anayokwenda. Na kama hana hati ya kuonyesha asili ya ndege, aghalabu hatapewa. Kobe wa gamba bapa aishiye katika nyufa za miamba ya Kenya na Tanzania aliingizwa katika daraja hiyo hiyo mwaka 2019, na vinyonga pamoja na cherero wa Serengeti wamo katika daraja ya pili. Wale kasuku wadogo wa Australia wanaouzwa kwa wingi madukani hawamo katika mkataba, lakini hukutana na masharti ya mafua ya ndege, yakiwamo kutengwa au kupimwa kabla ya kusafiri. Fauka ya hayo, kasuku wa kijivu ni kiumbe mwenye fahamu na mazoea makubwa, na ahamishwapo ghafla, au atenganishwapo na aliyemlea, huweza kujinyofoa manyoya mpaka kifua kikabaki ngozi tupu; basi kumchukua na kumwacha kote kuna gharama kwake, na mwenye ndege mzee hana budi kuanza mashauri mwaka mzima kabla.

Kumwacha mnyama si khiyana, ikiwa ameachwa kwa mtu. Khiyana ni kumwacha kwa bahati: paka kubaki uani mwa nyumba tupu kwa ahadi ya jirani kwamba atamtupia mabaki, au sungura kupelekwa sokoni siku ya mwisho. Katika mapokeo ya Kiislamu, yaliyo mashuhuri pwani yote, iko habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia asimlishe, wala asimwachilie ajitafutie riziki. Na wako watu wema, wasioacha sala, ambao hawakumbuki habari hiyo wanapofunga mlango wa mwisho. Mlezi mpya atafutwe mapema, mnyama akae kwake kwa majaribio wakati mwenyewe angali mjini, na amana hiyo ikabidhiwe pamoja na kadi ya chanjo, tundu, na maelezo ya chakula. Paka hushikamana na mahali kadiri anavyoshikamana na watu, kwa hiyo paka mzee huweza kuwa na raha zaidi akibaki katika nyumba ile ile na mpangaji mpya ampendaye kuliko kuvushwa bahari. Simbilisi waliozoeana wasitenganishwe. Uswisi, kwa kanuni ya mwaka 2008, inakataza kabisa kumfuga simbilisi peke yake, nami naiona kanuni hiyo kuwa ya haki. Watoto waambiwe ukweli, na waende wenyewe kumwona mlezi, kwa maana mtoto aliyeambiwa kwamba sungura amekwenda shamba huja kujua baadaye, na hapo huzuni yake hupata mwenzi wa pili.

Wanaokwenda kwa mkataba wa miaka michache, kwa masomo au kazi, hawana budi kuitazama na njia ya kurudi. Kuingiza paka Kenya kunataka kibali cha idara ya huduma za mifugo, cheti cha afya na chanjo ya kichaa cha mbwa, na taratibu hizo ni nyepesi kuliko za kwenda. Ulaya nayo humruhusu mnyama aliyepimwa damu huko kabla ya kuondoka, akarejea chanjo yake ikiwa haijakatika, aingie tena bila kungoja ile miezi mitatu. Kwa hiyo anayekuja likizo Mombasa na paka wake kutoka Hamburg ahakikishe kwamba kipimo hicho kimefanywa na kuandikwa katika pasipoti ya paka kabla hajaondoka Ujerumani.