Sura, Jina na Picha katika Uluguru

Historia ya upigaji picha nchini mwetu imezoea kuanzia bandarini, pale Mzungu aliposhuka na kamera yake. Tukianzia hapo, twakiri kimyakimya kwamba wazee wetu hawakuwa na fikra yoyote juu ya sura ya mtu mpaka walipofundishwa. Milima ya Uluguru yakanusha jambo hilo.

Waluguru, kama jirani zao Wazaramo na Wakwere, walikuwa na mwana hiti: sanamu ndogo ya mti yenye kichwa, matiti na kitovu, isiyo na mikono wala miguu. Mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa sanamu hiyo, akaiogesha, akaipaka mafuta na kuilea kama mwanawe. Haikukusudiwa kufanana na mtu fulani. Ilisimama badala ya uzazi wa ukoo, ambao kwa Waluguru hufuata upande wa mama. Ilikuwa sura ya kutunzwa, wala si ya kutazamwa tu.

Na sura iliandamana na jina. Kingalu wa Kinole, mkuu aliyesifika kwa kuleta mvua, alipofariki, mrithi wake alitwaa jina akawa Kingalu. Marehemu hakuhitaji karatasi ili aonekane.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, ikawarahisishia njia wapiga picha. Miongoni mwa waliopiga picha katika koloni hilo alikuwa Mjerumani Walther Dobbertin, ambaye mkusanyo wake umo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Ustadi wake hatuubishi. Tunachobisha ni desturi ya picha za wakati ule: chini yake paliandikwa kabila, kazi au mahali, na mara chache mno jina la mtu. Kwa watu waliorithishana majina, huko ni kumtoa mtu katika ukoo wake. Basi ukoloni tuutafute zaidi katika maandishi hayo kuliko katika kioo cha kamera. Maana watu wa Morogoro walipoanza kwenda studio wenyewe, picha ya marehemu ilitundikwa ukutani na wajukuu wakaambiwa ni nani.

Mwana hiti naye amepigwa picha mara nyingi. Katika vitabu vya makumbusho ya Ulaya aghalabu husimama peke yake mbele ya pazia tupu, kando yake pameandikwa urefu wake kwa sentimita. Mwali aliyemwogesha hatajwi.