Uji, Blanketi na Mafua

Kitabu kimojawapo kinachoheshimika zaidi katika tiba ya Kichina kilianzia matangani. Zhang Zhongjing, tabibu wa mwisho wa enzi ya Han, anaeleza kwenye dibaji kwamba ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya 200. Tangu mwaka 196, hata miaka 10 haijaisha, theluthi mbili walikuwa wamekufa. Katika kila 10 waliokufa, 7 waliuawa na shanghan, yaani madhara ya baridi: homa ambazo siku ya kwanza ungedhani ni mafua tu.

Ndipo akaandika Shanghan Lun. Dawa ya kwanza humo ina vijiti vya mdalasini, mzizi wa peoni, tangawizi, kunazi na urukususu. Vitu vya jikoni karibu vyote, sivyo? Mimi kilichonishika ni maelekezo. Kunywa dawa. Subiri kidogo, kisha unywe uji mwepesi wa moto. Jifunike kama saa mbili. Jasho liwe unyevunyevu tu, lisitiririke. Ukipata nafuu, acha. Si lazima umalize.

Je, iliua virusi? Sidhani. Hata leo hakuna dawa ya kuponya mafua. Lakini yasome tena yale maelekezo. Lazima kuwe na mtu wa kupika uji, wa kukufunika, wa kuangalia jasho. Na wengi ambao wangemfanyia Zhang hivyo, alikuwa ameshawazika.