Moto wa Watawa wa Hook

Aliyesafiri usiku katika ziwa Tanganyika anajua furaha ya kuona moto pwani. Lakini kuona moto hakutoshi: lazima msafiri ajue ni moto wa bandari gani. Jambo hilo watu wa Ayalandi walijifunza kwa machozi.

Kusini-mashariki ya nchi ile iko bandari ya Waterford, na mashariki ya mlango wake ni rasi ya Hook, yenye miamba mikali. Wazee wasimulia kwamba mtawa Mtakatifu Dubhán na wenzake waliwasha moto pale tangu zamani sana, kuwaonya mabaharia. Mwanzoni mwa karne ya 13 William Marshal, mkuu wa jimbo, alijenga mnara wa mawe, ili meli zifike salama katika mji wake wa New Ross. Kuta zake zina unene upatao meta 4. Watawa wakaulinda moto wake hata mwaka 1641.

Magharibi ya bandari ile iko ghuba ya Tramore. Kwa mbali mlango wake wafanana na wa bandari, lakini ndani hakuna kimbilio. Tarehe 30 Januari 1816 meli Sea Horse ilikuwa ikichukua askari waliotoka Ufaransa baada ya vita na Napoleon, pamoja na wake zao na watoto. Msaidizi wa nahodha, aliyeijua pwani ile, alikuwa amekwisha kuanguka toka mlingoti, akafa. Dhoruba ikaitupa meli ndani ya Tramore. Watu 363 walikufa. Wanaume 30 tu waliokoka, wala hakuna mwanamke au mtoto.

Ndipo, mwaka 1823, zikasimamishwa nguzo: mbili katika rasi ya Brownstown, tatu katika rasi ya Newtown, kila upande wa ghuba. Juu ya nguzo moja amesimama baharia wa chuma, mkono umenyoshwa. Basi baharia ahesabu tu: mnara mmoja, ni Hook, bandari ipo, mbili au tatu, ni Tramore, ajihadhari.

Tangu 1996 hakuna mlinzi akaaye katika mnara wa Hook. Taa yajiwasha yenyewe. Lakini mawe ni yale yale ambayo watawa walipanda usiku, wakibeba kuni kwa ajili ya watu wasiowajua.