Vita vya Wati: Jinsi Risiva za Miaka ya 1970 Zilivyopata Uzito Wake

Pioneer SX-1980, risiva ya stereo iliyotoka Japani mwaka 1978, ina uzito wa takriban kilo 35. Ukifungua mfuniko wake unakutana na transfoma nzito ya mviringo, kapasita nne kubwa za mikrofaradi 22,000 kila moja, na mapezi ya alumini ya kutolea joto. Kazi ya shehena yote hiyo ni kupeleka wati 270 kwenye kila spika, ilhali katika sebule ya kawaida wati 20 zinatosha kumwamsha jirani.

Mashine ya namna hiyo haikuzuka tu. Nyuma yake kuna mvumbuzi aliyefariki kabla ya kuona haki yake, wapenzi wa muziki wa New York waliogeuka wenye viwanda, wanajeshi wa Marekani waliokuwa Asia, na kanuni moja ya serikali iliyowakataza wauzaji kutaja wati za uongo. Leo risiva hizi zinatafutwa upya, zinasafishwa na kuuzwa kwa bei ambayo wamiliki wa kwanza wasingeiamini. Anayeijua historia yake hapati taabu kuziunganisha, kwa sababu karibu kila nobu na kila tundu lina kisa chake.

Namba za kwenye kioo cha stesheni ndizo zenye kisa kirefu zaidi. Edwin Howard Armstrong, mhandisi wa New York, alipewa hataza za FM Desemba 1933. Sauti yake ilikuwa safi, haikukwaruzwa na radi wala mota za umeme kama ilivyokuwa kwenye AM. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kukawa na vituo vya FM na redio za kuvisikilizia, zote zikifanya kazi kati ya megahezi 42 na 50. Kisha mwaka 1945 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikaihamishia FM kwenye megahezi 88 hadi 108. Redio zote za FM zilizokwisha kununuliwa zikawa makopo. Armstrong alikuwa pia kwenye kesi ndefu na kampuni ya RCA kuhusu hataza zake, na alifariki Januari 1954 akiwa amechoka na kupungukiwa fedha. Mjane wake, Marion, aliendelea na kesi dhidi ya kampuni mbalimbali hadi akazishinda; ya mwisho ilimalizika mwaka 1967. Zile 88 na 108 zilizoandikwa kwenye risiva za zamani ni alama ya uamuzi ule.

Mwaka uleule aliofariki Armstrong, kampuni changa ya Sidney Harman na Bernard Kardon ilitoa chombo kilichoitwa Festival D1000. Kabla yake, mpenzi wa sauti nzuri alinunua kipokezi cha redio peke yake, kikuza sauti cha awali peke yake na amplifaya ya nguvu peke yake, kisha akahangaika na nyaya. Harman na Kardon waliviweka vyote vitatu ndani ya sanduku moja ambalo mtu yeyote angeweza kulipeleka nyumbani, akaunganisha spika na kuanza kusikiliza. Hiyo ndiyo risiva. Mwaka 1958 wakatoa Festival TA230, ambayo huhesabiwa kuwa risiva ya kwanza ya stereo.

Lakini mwaka 1958 stereo ya redioni ilikuwa kituko. Kituo cha WQXR cha New York kilikuwa kimejaribu tangu 1952: sikio moja lilipata sauti kutoka masafa ya AM, la pili kutoka FM, na msikilizaji alilazimika kuwa na vipokezi viwili. Suluhisho lilikuja Juni 1961, vituo vya Marekani viliporuhusiwa kurusha stereo kwenye wimbi moja la FM. Ujanja wake unastahili kueleweka. Kituo hurusha kwanza jumla ya kushoto na kulia, ili redio ya kawaida isipoteze chochote. Juu yake hupakia tofauti ya pande hizo mbili, pamoja na mlio mwembamba wa kilohezi 19 usiosikika kwenye spika. Risiva inapounasa mlio huo huwasha taa ndogo ya STEREO na kuanza kutenganisha pande. Kwa kuwa ile tofauti husafiri kwenye masafa ya juu zaidi, ndiyo inayoumia kwanza kituo kikiwa mbali. Ndiyo maana sauti inapokwaruza, kubonyeza MONO huituliza papo hapo: risiva inaacha tofauti na kubaki na jumla.

Avery Fisher, mwenye kiwanda cha risiva, alikuwa mmoja wa walionufaika na wimbi hilo la stereo. Risiva zake za valvu, kama 500-C, bado zinatafutwa na wakusanyaji. Aliiuza kampuni yake mwaka 1969, na miaka minne baadaye akatoa dola milioni 10.5 kwa ukumbi wa okestra ya New York, ambao ulibeba jina lake hadi 2015.

Saul Marantz alikwenda njia nyingine. Alianza kwa kujitengenezea kikuza sauti nyumbani, akaanzisha kampuni mwaka 1953, na akawa haridhiki na kitu chochote kilicho nusunusu. Kipokezi chake cha 10B kilikuwa na kioo kidogo cha osiloskopu mbele, ili msikilizaji aone kwa macho kama antena yake inanasa wimbi safi au mwangwi wa majengo. Gharama za kukibuni zilimlemea, na mwaka 1964 kampuni ikauzwa kwa Superscope ya California. Wamiliki wapya walikuwa na jicho la biashara: walibaki na jina na uso wa dhahabu iliyopauka, wakahamishia utengenezaji Japani kadiri miaka ilivyokwenda. Humo ndimo ilimozaliwa familia ya risiva maarufu kuliko zote, ile ya namba 22.

Ukiiona Marantz 2270, namba zenyewe zinajieleza: tarakimu mbili za mwisho ni wati kwa kila upande. Vivyo hivyo 2230 ina wati 30, na 2245 ina 45. Kutafuta stesheni hakufanywi kwa nobu ya kawaida; kuna gurudumu lililolala ndani ya uso wa risiva, linalosukumwa kwa kidole gumba na kuendelea kuteleza kwa uzito wake. Mwanga wa buluu wa kioo hutokana na balbu ndogo zenye umbo la fyuzi, na mbele yake kuna ukanda wa karatasi laini unaosambaza mwanga. Miaka 50 ya joto huigeuza karatasi hiyo kuwa ya manjano, na kioo kizima hugeuka kijani kibovu. Watu wengi hudhani balbu zimechoka, wakabadilisha balbu bure. Kinachotakiwa kubadilishwa ni karatasi.

Wakati Marantz ikihamia Japani, Wajapani wenyewe walikuwa wamekwisha pata soko la ajabu. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa Vietnam, Okinawa na Korea walinunua Sansui, Pioneer na Kenwood kwenye maduka ya kambi kwa bei ya chini, wakarudi nazo nyumbani. Risiva zilizouzwa hivyo, pamoja na zile za kusafirishwa nchi nyingine, mara nyingi ziliwekewa swichi ya volti mgongoni, kwa sababu mwanajeshi angeweza kuhama kutoka Japani yenye volti 100 kwenda Ujerumani yenye 220, kisha Marekani yenye 120.

Swichi hiyo ndiyo ya kwanza kuangaliwa na yeyote anayeletewa risiva ya zamani Dar es Salaam au Mombasa. Risiva iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani au la Japani pekee haina swichi, na ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa volti 230 au 240 transfoma yake itaungua. Inahitaji transfoma ya kushusha volti, yenye uwezo unaozidi matumizi ya risiva. Na iliyokusudiwa Wajapani ina tatizo la pili: FM yao ya wakati ule iliishia megahezi 90, kwa hiyo stesheni karibu zote za Afrika Mashariki haitazinasa. Bado ni amplifaya nzuri ya santuri, ila mnunuzi alipe bei ya amplifaya tu.

Sasa kanuni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 matangazo ya wati yalikuwa yamepoteza adabu. Amplifaya yenye uwezo wa kutoa wati 15 mfululizo kwa kila upande ilijumlishwa pande zote mbili zikawa 30, kisha ikahesabiwa kwa kilele cha wimbi badala ya wastani zikawa 60, na kwenye sanduku zikaandikwa hizo 60. Wengine walipima kwa mlipuko mfupi wa sauti. Mnunuzi hakuwa na namna ya kulinganisha chombo kimoja na kingine.

Novemba 1974 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, ilianza kutekeleza kanuni mpya. Anayetangaza wati sharti ataje nguvu ya mfululizo, pande zote zikifanya kazi kwa pamoja, kwenye spika za omu ngapi, kutoka masafa gani hadi yapi, na kwa upotoshaji wa sauti usiozidi asilimia ngapi. Halafu likaja sharti lililowakosesha wahandisi usingizi: kabla ya kupimwa, amplifaya ifanye kazi saa nzima kwa theluthi moja ya nguvu yake.

Mtu asiye fundi angedhani theluthi moja ni mzigo mwepesi. Kumbe ndiyo adhabu yenyewe. Katika aina ya saketi inayotumiwa na risiva nyingi, transista za mwisho hupata joto kali zaidi zikiwa karibu na asilimia 40 ya uwezo wake, kwani hapo umeme mwingi huishia kuwa joto badala ya kwenda kwenye spika. Theluthi moja iko jirani kabisa na hapo. Chombo chenye mapezi madogo na transfoma dhaifu kingeiva kabla ya saa kwisha. Makampuni yalikuwa na njia mbili: kupunguza wati kwenye tangazo, au kuongeza chuma ndani ya sanduku.

Yakaongeza chuma. Kwa kuwa sasa namba zilikuwa za kweli, zikawa silaha ya ushindani, na kila kampuni ikataka yake iwe kubwa zaidi. Pioneer SX-1250 ya 1976 ilikuwa na wati 160. Miaka miwili baadaye SX-1980 ikafika 270, Marantz 2600 ikatangaza 300, na Technics SA-1000 ikafunga kwa 330. Hakuna aliyezihitaji sebuleni. Lakini uaminifu ule wa kupimwa kwa saa nzima uliteremka hadi kwenye risiva ndogo za wati 20 na 30, na hizo ndizo nyingi zilizosalia zikiwa nzima. Ni sababu tosha ya kuipendelea risiva ndogo ya 1976 kuliko redio ya plastiki ya leo iliyoandikwa wati elfu.

Enzi hiyo haikudumu. Miaka ya 1980 ilipoanza, viwanda vilibana gharama, plastiki ikachukua nafasi ya alumini, na saketi za mwisho zikafungwa ndani ya kipande kimoja kisichotengenezeka. Mwaka 1980 Philips ikanunua jina la Marantz kwa soko la nje ya Marekani na Kanada, na mwaka 1982 CD ikaanza kuuzwa Japani.

Anayeirithi risiva ya kizazi kile hukutana na kitufe kinachowasumbua wengi kuliko vyote: TAPE MONITOR. Kiliwekwa kwa ajili ya wenye vinasa sauti vya vichwa vitatu, waweze kusikia kilichonaswa kwenye utepe sekunde ileile. Kikibonyezwa bila kinasa, risiva husikiliza tundu tupu na kukaa kimya kabisa, taa zote zikiwaka. Simu au kompyuta huunganishwa AUX. Tundu la PHONO liachiwe pleya ya santuri peke yake: hukuza milivolti chache za sindano na kurudisha besi iliyopunguzwa wakati santuri ilipokuwa inachongwa, kwa hiyo simu ikichomekwa hapo hutoa mngurumo mzito uliopasuka. Waya mwembamba wa pleya hufungwa kwenye skrubu iliyoandikwa GND, la sivyo husikika mvumo wa umeme usiokoma.

Kabla ya yote hayo, fundi makini haichomeki risiva iliyolala miaka kadhaa ukutani moja kwa moja. Huweka balbu ya kizamani ya wati 60 au 100, ile yenye waya unaowaka ndani, katikati ya njia ya umeme. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, kapasita zimejaa na mambo ni shwari. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, na balbu imeiokoa transfoma. Nobu zinazokwaruza husafishwa kwa spreyi ya swichi. Halafu fundi huweka mita kwenye matundu ya spika, bila spika na sauti ikiwa chini kabisa, na kusoma umeme wa DC: chini ya milivolti 50 hakuna tatizo, ukifika volti nzima kuna transista au kapasita ya kubadilishwa. Spika huunganishwa mwisho, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi pande zote mbili, kwa sababu zikipishana karatasi ya spika moja husukuma mbele wakati ya pili inavuta nyuma, na besi nyingi hupotea.