Kunyamaza Si Kuhama: Historia Fupi ya Kumfuatilia Mlipaji Chini ya Mlima Meru

Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliniletea pendekezo la utafiti. Alitaka kuchunguza namna kampuni zinazouza huduma kwa vipindi, yaani ving'amuzi, vifurushi vya intaneti na umeme wa jua wa kulipa kidogo kidogo, zinavyoweza kutumia mifumo inayojiendesha ili kupunguza wateja wanaoondoka. Pendekezo lilikuwa safi, limepangwa vizuri, na lugha yake ilikuwa ya watu wa biashara. Nikamwuliza swali moja tu: mteja aliyeondoka ni yupi? Akajibu bila kusita: "Ni yule ambaye hajalipa kwa siku thelathini, Mwalimu." Nikamwomba anipe juma moja kabla sijatia saini. Makala haya ndiyo yaliyotoka katika juma hilo.

Wenye biashara hizo wana neno lao la Kiingereza kwa jambo hili la wateja kutoka na kuingia. Wameliazima kutoka kwenye kazi ya kusukasuka maziwa mpaka siagi ijitenge. Kiswahili hakina neno hilo, na sidhani kwamba ni upungufu. Muuza mafuta ya taa hapa Usa River alikuwa na wateja wa kila jioni, wanaokuja na chupa zao kununua kipimo cha kibatari kimoja. Mteja asipoonekana siku tatu, labda alikuwa na mbalamwezi, au hakuwa na fedha, au amesafiri. Hakuna aliyeandika popote kwamba ameondoka. Ili mtu ahesabiwe kuwa ameondoka, ni lazima kwanza awe ameandikishwa, na apangiwe tarehe ya kulipa. Historia ninayotaka kuisimulia ni ya tarehe hiyo: nani aliipanga, na nani alitumwa kumfuata aliyeikosa.

Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba katika koloni lake mwaka 1898, na Waingereza waliendelea na kodi kwa namna zao. Aliyetumwa kukusanya alikuwa binadamu: jumbe, akida, karani wa mangi, na baada ya uhuru mgambo wa kijiji. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003. Tunawakumbuka wanaume wazima wakikatiza migombani siku ya gulio kwa sababu mgambo wamesimama njiani wakidai stakabadhi. Sitaki kuwapamba wakusanyaji hao. Walipokea rushwa, walinyanyasa, na wengine walikuwa na visasi vya ukoo. Lakini mtu aliweza kusema mbele yao, "Nimefiwa, nipe mpaka kahawa iuzwe." Pengine alikataliwa, ila hakuna aliyeshangaa kusikia ombi kama hilo.

Kahawa ndiyo iliyofundisha eneo hili namna nyingine ya kuhesabu muda. Jirani zetu wa Kilimanjaro waliunda KNCU mwaka 1933, na huku Meru nako vyama vya ushirika vikawa njia ya mkulima kuuza na kukopa. Mkulima alichukua pembejeo kwa deni, na deni likakatwa msimu ulipofika na kahawa ikapimwa. Ushirika ulikuwa na maovu yake, na Serikali ilipovunja vyama vikuu mwaka 1976 kabla ya kuvirejesha kwa sheria ya mwaka 1982, si kila mkulima alilia. Lakini kwa suala letu ushirika ulielewa jambo moja: mtu asiyelipa kitu kuanzia Februari hadi Juni hajakimbia. Yupo shambani kwake, anapalilia.

Umeme wa gridi ulikuja na kipimo kingine, mwezi, ambacho ni kipimo cha mtu wa mshahara. TANESCO ilileta ankara, na aliyechelewa alitembelewa na kijana mwenye ngazi aliyepanda nguzoni kukata waya. Kisha katika miaka ya 1990 ikaja LUKU, Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, na ngazi ikapungua kazi. Tunaisahau LUKU tunapozungumzia mifumo inayojiendesha, kana kwamba mifumo hiyo ilizaliwa na simu janja. LUKU ndiyo iliyozoesha kizazi kizima cha Watanzania wazo kwamba mashine iliyo ukutani yaweza kukata huduma yenyewe, bila hasira na bila rushwa, na kuirudisha mara tu namba zikishaingizwa. Watu wengi waliipenda. Hakuna tena bili ya kubambikiwa, hakuna kumbembeleza mtu. Hata mimi niliipenda.

Kilichobaki ni kuunganisha mashine hiyo na mfuko wa mtu wa kijijini, na hilo likawezekana baada ya Vodacom kuanzisha M-Pesa hapa nchini mwezi Aprili 2008. Sasa mtu aliweza kulipa shilingi mia chache kutoka kitandani kwake. Hesabu yake ni rahisi, na kwa maoni yangu ndiyo kiini cha mambo yote yaliyofuata. Hakuna karani anayeweza kupanda mlima kukusanya malipo ya taa ya siku moja, kwa kuwa nauli ya pikipiki ya kwenda na kurudi inayazidi malipo yenyewe mara nyingi. Malipo ya siku kwa siku yaliwezekana tu baada ya kumwondoa mkusanyaji. Mashine haikuwekwa kwa ukatili, iliwekwa kwa sababu mtu alikuwa ghali.

Hapo ndipo Arusha inapoingia katika historia ya dunia, ingawa ni wachache katika madarasa yetu wanaofahamu. Off Grid Electric, iliyoanzishwa na Xavier Helgesen, Erica Mackey na Joshua Pierce, iliufanya mji huu makao yake, na ikaanza kuuza mwanga wa jua kwa jina la M-POWER mwaka 2012. Mwanzoni mteja hakununua chombo. Alilipia mwanga kama mtu anayelipia LUKU, akapokea namba kwa simu, akaziingiza kwenye kifaa kilichofungwa ukutani, na taa zikawaka kwa siku alizolipia. Baadaye kampuni ilihamia kwenye mpango wa kulipa hadi chombo kiwe chako, na mwaka 2018 ikabadili jina kuwa ZOLA Electric. Mobisol ya Berlin nayo ilifanya Arusha kituo chake kikuu hapa nchini. Mitambo yake mikubwa zaidi ililipiwa kwa miezi 36, na ilikuwa na kifaa cha mawasiliano ndani yake, hivyo iliweza kutazamwa na kuzimwa kutoka mbali. Nchini Kenya M-KOPA ilianza mwaka huohuo wa 2012. Kwa miaka michache wawekezaji wa Marekani na Ulaya walikuwa wakishuka Uwanja wa Kilimanjaro na kupita hapa Usa River, wakielekea Arusha kutazama jinsi mkulima anavyolipia taa kwa simu.

Kazi ya kumfuata mlipaji ikawa ya programu. Taratibu zake zinafanana karibu kila mahali. Siku moja kabla ya malipo kwisha, ujumbe wa kukumbusha. Siku yenyewe, taa inazima. Baada ya siku chache, ujumbe wa pili wenye sauti ya upole zaidi. Zikipita siku nyingi, jina lako linahamia kwenye orodha ya kupigiwa simu, kisha kwenye orodha ya wakala wa kukutembelea, na mwisho kwenye orodha ya vyombo vya kurejeshwa. Mahali fulani katikati hutumwa punguzo: lipa leo upate siku za ziada. Yote haya hufanyika bila mtu kuamua chochote, isipokuwa yule aliyekaa siku moja ofisini na kuandika kwamba siku thelathini ni kuondoka.

Mama yangu mkubwa aliishi juu ya Nkoaranga, mahali ambapo nguzo zilikuwa hazijafika. Alifungiwa taa tatu na kampuni moja ndogo, ambayo haimo miongoni mwa hizi nilizozitaja na ambayo leo haipo tena. Alizipenda taa zile. Masika ya mwaka wa pili mawingu yalikaa juu ya mlima kwa majuma, paneli ikawa inatoa mwanga wa saa moja tu, lakini mfumo ulihesabu siku nzima. Fedha ya kahawa ilikuwa bado mbali. Kisha akafa jirani yake, na kwa desturi yetu siku za matanga mchango hautangojea. Akaacha kulipa. Ujumbe ukaanza kuingia, kila mmoja ukianza na "Mpendwa mteja". Siku moja alinipa simu nimsomee, akaniuliza, "Mwanangu, huyu anayeniita mpendwa ni nani?" Kwa Walutheri wa Meru, mpendwa ni neno la kanisani. Hulipokei kutoka kwa mtu usiyemjua, na ukilipokea huwezi kukaa bila kuitika.

Basi akaitika. Alinituma niandike kwamba kuna msiba, kwamba jua halijatoka, na kwamba atalipa zote kahawa ikiuzwa. Ujumbe haukwenda. Ulikuwa umetumwa kwa jina la kampuni badala ya namba ya simu, na kwa namna hiyo mtu hawezi kuujibu. Programu iliyojengwa ili kumbakiza ilikuwa na mdomo, haikuwa na sikio. Siku ya thelathini na kitu alihesabiwa kuwa ameondoka. Mwezi Oktoba aliuza kahawa, akalipa deni lote kwa mkupuo mmoja, na mfumo ukampokea kwa ujumbe wa kumkaribisha tena. Alicheka sana. "Nimerudi kutoka wapi?" aliuliza.

Simwandiki mama mkubwa ili kumwonea huruma, maana hakuhitaji. Namwandika kwa sababu ndani ya takwimu ya mwanafunzi wangu angehesabiwa mara mbili, kwanza kama hasara na kisha kama ushindi wa mfumo, ilhali hakuna lililotokea isipokuwa msimu. Na karibu naye kulikuwa na watu walioondoka kweli. Wakala wa Nishati Vijijini uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi 2007. Nguzo zilipopanda milimani na kuunganishiwa umeme kijijini kukawa shilingi 27,000, familia nyingi ziliiacha taa ya jua ukutani na kuhamia kwenye LUKU. Hao nao walinyamaza. Hao nao walitumiwa punguzo. Kwenye orodha, aliyehamia gridi na anayengoja kahawa ni mstari uleule, na mfumo unawabembeleza wote wawili kwa maneno yaleyale, ambayo hayamfai yeyote kati yao.

Kampuni kubwa ziliutambua udhaifu huu mapema kuliko sisi wasomi, kwa kuwa zilikuwa zinapoteza fedha. Zilijenga vituo vya huduma kwa wateja, zikarudisha mawakala vijijini, zikawalipa watu wanaojua njia za migombani. Yule mtu aliyekuwa ghali akaitwa tena kazini. Mobisol iliingia katika taratibu za ufilisi mwezi Aprili 2019, na mwaka huohuo ikachukuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Sababu zake ni nyingi na sitazitwika suala moja. Ila ufundi wenyewe haukufa. Umehamia kwenye simu janja za mkopo, zinazojifunga zenyewe malipo yakichelewa, na rekodi ya taa ya jana imekuwa kipimo cha kuamua kama mtu anastahili mkopo wa kesho. Hapa jambo linaacha kuwa la biashara tu. Mtu aliyehesabiwa kuwa ameondoka wakati yupo anabaki na alama hiyo, na hajui kama ipo.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, naomba mwisome upya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tumezoea kuisoma kama sheria ya siri na kamera. Ndani yake mna pia haki ya mtu kutaka uamuzi unaomwathiri kwa kiasi kikubwa usitegemee mashine peke yake. Sijaona kijiji ambako haki hiyo imeelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, seuze Kimeru. Na sioni jinsi mtu atakavyoidai kwa kujibu ujumbe usiojibika.

Nilimrudishia mwanafunzi pendekezo lake na saini yangu, kwa sharti moja: kabla ya kupima mfumo wowote, akae vijiji viwili, kimoja cha kahawa na kimoja cha vibarua wa mashamba ya maua wanaolipwa kila mwezi, aandike kwa kila mteja aliyenyamaza sababu ya kunyamaza kwake. Alilalamika kwamba itachukua msimu mzima. Nikamwambia ndiyo, kiasi hichohicho.

Mama mkubwa alifariki kabla nguzo hazijafika kwake. Simu yake ilichukuliwa na mjukuu, na laini hawakuibadilisha. Miezi kadhaa baada ya mazishi kijana alinijia na ujumbe mpya: mpendwa mteja, tumekukosa, rudi leo upate siku saba bure. Aliniuliza awajibu nini. Nikamwonyesha kwamba hakuna mahali pa kujibu.