Suheli na deni la soda

Testi zimeisha, nina deni la soda, na deni lenyewe limeletwa na nyota.

Katikati ya mwezi wa 11 mwaka jana tulilala Msimbati. Kwenye saa tatu usiku Suheli ilikuwa imechomoza kusini-mashariki, ng'ambo ya mlango wa Ruvuma, nyekundu nyekundu, inafifia kama koroboi inayoishiwa mafuta. (Ndiyo Canopus ya vitabuni. Mabaharia wa pwani walilitumia jina hilo hata kwa maana ya kusini.) Nikamwambia rumeti hiyo nyota wazee wanaisifia bure. Akabisha, tukawekeana soda. Saa tisa akaniamsha: ipo juu nyuzi 47, nyeupe pe, inayoizidi ni Sirius tu.

Nilisahau hewa, jamani. Nyota ikiwa nyuzi 6 juu ya upeo, mwanga wake unapita kwenye hewa karibu mara 9 ya ile iliyo utosini. Hata hewa ikiwa safi, unaofika ni kama sehemu moja ya nane. Na hewa yetu ya mvuke na chumvi ndiyo usiseme.

Sasa mcheki Ptolemy, Alexandria, karne ya 2. Kwake Suheli haipandi kupita nyuzi 6 hivi, yaani kila siku aliiona kama mimi ile saa tatu. Lakini kaiandika daraja la kwanza! Kwa nyota moja unaweza kusema kabahatisha. Ila mwaka 2013 Bradley Schaefer wa Marekani alipitia orodha za Ptolemy, Al-Sufi wa Uajemi (964) na Tycho Brahe. Kama wangeandika walichokiona tu, nyota za chini kusini zingepungua daraja kadiri zinavyokaribia upeo. Yeye akaona hapana, wote watatu walirekebisha.

Sisi tumezoea kuanzia kwa Bouguer, Mfaransa aliyepima mwanga wa mwezi kwa mishumaa mwaka 1725, ukiwa juu na ukiwa chini, akachapisha 1729: kila tabaka la hewa hula sehemu ile ile ya mwanga unaolifikia.

Wale wa kale walifanyaje? Mimi nahisi walilinganisha nyota ya chini na nyingine ya kimo hicho hicho ambayo baadaye hupanda utosini. Rumeti anabisha tena.

Soda bado sijalipa. Bumu halijaingia.