Kariakoo: Jinsi duka lilivyoila nyumba

Kariakoo wakati wa mvua hizi za Machi hadi Mei ni raha kuitazama. Jua likiwaka jamaa anauza miwani na soksi. Wingu likitanda tu, yule yule ana miavuli na buti za mvua mkononi. Biashara imebadilika hata hujamaliza kuvuka barabara.

Sasa hapo ndipo nataka tuongee historia kidogo, kwa sababu Kariakoo imekuwa ikigeuka hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka mia, ila kwa mambo mazito zaidi.

Jina lenyewe mnalijua. Wajerumani walijenga ukumbi wa soko pale, vita ya kwanza ikaanza 1914. Waingereza walipoiteka Dar mwaka 1916, eneo lile likawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps. Midomo yetu ikafanya kazi yake: Kariakoo. Maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa, wengi kwa maradhi tu na si risasi.

Baadaye mtaa ukajaa nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani choo na jiko, mbele baraza. Duka, kama lilikuwepo, lilikuwa chumba kimoja cha mbele. Barazani yuko fundi cherehani, pembeni mama anauza maandazi, ndani watu wamelala. Yaani nyumba ilikuwa na duka.

Soko kubwa tunalolijua lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania mwenzetu, likafunguliwa Desemba 1975. Paa lake liko kama miavuli iliyogeuzwa juu chini, na si urembo: lilichorwa likinge maji ya mvua. Huyu bwana aliifikiria masika kabla hajajenga!

Kisha ikaja njaa ya bidhaa. Masika ya 1983 ndipo ilipoanza ile operesheni ya wahujumu uchumi chini ya Sokoine. Sabuni na sukari zilikuwa za foleni, na aliyeficha mzigo alikuwa na kesi. Mwaka uliofuata, 1984, bajeti ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, bila kuulizwa sana wamezipata wapi. Mashelfu yakajaa tena, mitumba ikafuata.

Na hapo ndipo duka lilipoanza kuila nyumba. Chumba cha mbele kikawa fremu, halafu vyumba vyote sita, halafu baraza. Mwenye kiwanja akaingia ubia na mwenye pesa, nyumba ikavunjwa, likapanda ghorofa. Fremu moja kilemba chake peke yake unaweza kujenga Mbagala. Wengine wakachimba kwenda chini, maana chini nako kuna fremu.

Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa mojawapo likaporomoka. Zaidi ya watu 25 walikufa. Waliokwama chini walikuwa wakiongea na waokoaji, nchi nzima tunasikiliza. Serikali ikaunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo.

Hoja yangu ni hii. Mabadiliko yote ya mwanzo yalikuwa ya kinachouzwa mlangoni. Haya ya mwisho yamemtoa mtu aliyekuwa akilala ndani. Nyumba yenye wenyewe hukaguliwa na mvua: bati likivuja usiku, mtu anaamka na sufuria, anauona na ufa ukutani. Jengo la fremu tupu jioni linafungwa, anabaki mlinzi nje. Nani atausikia ukuta ukilia saa nane za usiku?

Sisemi turudishe nyumba za udongo, hata mimi nguo zangu nanunua hapo hapo. Ila tutakapokwenda kufundisha, naomba Kariakoo isiishie kwenye jina la wapagazi na swali la alama mbili. Watoto waulizwe pia: nani alikaa hapa, na alihama lini?

Na wewe ambaye bibi yako alikuwa na nyumba pale, kamuulize sasa hivi, wakati bado anakumbuka chumba kipi kilikuwa cha nani.